SOMO: MTAALAMU WA UTUMISHI KATIKA BODI

Wanaushirika wanaijua sana methali isemayo "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hata hivyo, daftari halijiandiki. Huandikwa na mtu aliyeajiriwa, naye aliajiriwa na watu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza daftari linasema nini, hapana budi bodi iulize ni nani amekabidhiwa kalamu, na alikabidhiwa kwa utaratibu gani.

Katika vyama vingi, mkutano wa bodi huanza kwa hesabu, hupitia pembejeo na bei, kisha hufungwa kwa "mengineyo". Mambo ya watumishi huwekwa katika hayo mengineyo, wakati ambapo wajumbe wamekwisha kushika kofia zao. Somo hili linaeleza kwa nini mambo hayo yanastahili kiti katika bodi yenyewe.

1. Kazi ya Utumishi

Kuajiri na kufukuza ni sehemu tu ya kazi ya utumishi. Zimo pia kupanga mahitaji ya watumishi, kuandika maelezo ya kazi, kupanga mishahara, kufundisha, kupima utendaji, kusikiliza malalamiko na kumwandaa mtu wa kushika nafasi kabla haijawa wazi. Mhasibu huiambia bodi fedha ziko wapi. Mtaalamu wa utumishi huiambia kama wapo watu wa kuzilinda fedha hizo na kuzizalisha.

2. Mfano wa Ujerumani

Nchi moja iliyoliweka jambo hili katika sheria ni Ujerumani. Kati ya mwisho wa mwaka 1950 na mwanzo wa mwaka 1951 wafanyakazi wa migodi na wa viwanda vya chuma vya Ujerumani Magharibi walipiga kura ya kugoma ili kutetea haki yao ya kushiriki katika uongozi. Mazungumzo kati ya Konrad Adenauer, mkuu wa serikali, na Hans Böckler, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, yaliuepusha mgomo huo, na sheria ikatiwa saini mwezi Mei mwaka 1951.

Sheria hiyo iliyahusu makampuni ya makaa ya mawe na chuma yenye wafanyakazi zaidi ya 1,000. Kampuni ya namna hiyo huwa na vyombo viwili: baraza linalosimamia na bodi inayoendesha. Katika baraza, wenye hisa na wafanyakazi huwa na viti sawa, na mjumbe mmoja asiyeelemea upande wowote huongezwa. Katika bodi ya uendeshaji huwamo Mkurugenzi wa Kazi, ambaye hushughulikia utumishi na ni sawa kwa cheo na wakurugenzi wenzake. Hawezi kuteuliwa iwapo wajumbe wengi wa upande wa wafanyakazi wanampinga.

Mwaka 1976 sheria nyingine ilieneza cheo hicho katika makampuni mengi yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, pamoja na vyama vya ushirika vya ukubwa huo, ingawa haikuweka sharti lile la kukubaliwa na wafanyakazi. Maana yake ni kwamba bodi inapotaka kufunga kiwanda au kununua mashine, mwenye kujua habari za watu yumo mezani kabla ya uamuzi, wala haitwi baadaye kwenda kuutangaza.

3. Hasara ya Kutojali

Na ufikiriwe mfano huu wa kubuni. Chama cha msingi cha kahawa chenye wanachama 400 kinamwajiri karani wa mizani kwa kuwa ni jamaa wa mjumbe. Hapewi mkataba wa maandishi wala maelezo ya kazi, na ghala halikabidhiwi kwa hati. Mwisho wa msimu, stakabadhi zinaonyesha kilo 52,000, lakini ghalani mna kilo 50,600. Zimepungua kilo 1,400, yaani kilo tatu na nusu kwa kila mwanachama.

Bodi inakasirika na kumfukuza siku hiyo hiyo bila kumsikiliza. Hapo chama kinajitia katika hasara ya pili. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Karani anaweza kulalamika, na chama hakina hati hata moja ya kuonyesha kwamba ghala lilikuwa dhamana yake. Mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma kahawa ndiye atakayelipa mara mbili.

4. Njia kwa Vyama Vidogo

Chama kidogo hakiwezi kumlipa mtaalamu wa peke yake. Lakini wanachama, wanapochagua bodi, wanaweza kumtazama mwenzao mwenye ujuzi huo, kama vile afisa utumishi mstaafu anayelima. Vilevile vyama kadhaa vinaweza kushirikiana mtaalamu mmoja kupitia chama kikuu, naye akaalikwa kushauri pasipo kupiga kura.

Mipaka ni lazima ijulikane. Mjumbe mwenye ujuzi wa utumishi hasimamii watumishi kila siku, maana hiyo ni kazi ya meneja. Hamletei ndugu yake kazi. Linapozungumzwa jambo lenye maslahi yake, hulitangaza na kutoka nje. Tena hana budi kujifunza kusoma mizania, kwani mjumbe wa bodi huwajibika kwa chama kizima.

Maswali ya Kujadili

(a) Je, kila mtumishi wa chama chenu anayo barua ya ajira na maelezo ya kazi?
(b) Meneja au mhasibu akiondoka kesho, ni nani ameandaliwa kushika nafasi yake?
(c) Katika mikutano mitatu iliyopita, mambo ya watumishi yalikuwa ajenda ya ngapi?