"Mafuriko" au "balifunga mayi"? Neno moja katika filamu ya michoro

Filamu tuliyotengeneza kwa ajili ya somo la semantiki ni fupi: michoro tisa iliyopigwa picha kwa simu, na sauti yangu ikisimulia. Inahusu jinsi bonde la Lufira lilivyozama huko Mwadingusha likawa Ziwa Tshangalele. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, ambacho wakati wa ukoloni kiliitwa Francqui, kilianza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba vya Union Minière du Haut-Katanga. Kwetu Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo, kituo kilifuata mwaka 1950.

Filamu niliipa jina "Mafuriko ya Lufira". Kaku, anayemzaa mama yangu, aliitazama kimya hadi mchoro wa tatu, kisha akasema: "Mafuriko ni kitu gani? Mayi haikukuya yenyewe. Balifunga mayi."

Nilidhani ananisahihisha lahaja tu. Lakini tuangalie sarufi. Nomino "mafuriko" inatokana na "kufurika", kitenzi kisicho elekezi: maji hufurika, wala hakuna anayeyafurika. Ningeandika "maji yalifungwa", mtendaji angekuwepo ila amejificha. Kiswahili chetu cha Katanga kina njia nyingine, kiambishi "ba-" bila kumtaja mtu. Hakisemi ni nani, ila ngeli yake ni ya watu. Mvua haiwezi kuingia humo.

Kosa langu lilikuwa limeshaingia hata katika picha. Mchoraji wetu, mwenzangu wa darasani, alipewa neno "mafuriko", naye katika mchoro wa tatu akaweka mawingu meusi na radi. Nani angemlaumu? Tukaufuta, tukachora watu wanaojenga ukuta.

Hapo tukakwama. "Ba-" inaweza kubeba wote kwa pamoja: Mzungu mwenye ramani na mfanyakazi mwenye karai la saruji kichwani. Picha haina nafasi hiyo. Kila mtu lazima apewe kofia, au asipewe. Asimame juu ya ukuta au chini yake. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi hii huko Lubumbashi miaka ya 1973 na 1974, alimsimulia Johannes Fabian picha zake kwa Kiswahili hikihiki, na nadhani wanaosoma kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 kwa ajili ya picha pekee hupoteza nusu ya kazi.

Sisi tulimweka Mzungu mmoja juu, tukaona tumemaliza. Nilirudi Koni na filamu mpya, jina lake sasa "Balifunga Mayi". Mashamba ya ukoo wa Kaku yako chini ya ziwa lile, na baba yake alibeba saruji ya ukuta uleule. Alisogeza simu karibu na macho, akapitisha kidole juu ya mchoro wa tatu.

"Na baba yangu," akauliza, "eko wapi?"