Kuomba Maji Kabla ya Kuhubiri

Somo: Luka 10:1-9, Yohana 4:5-10



Wengi wetu hapa Kongwa ni wakulima. Jirani zetu wa Kiteto wengi ni Wamasai, watu wa ng'ombe. Tusijidanganye: kati ya shamba na malisho pana ugomvi wa miaka mingi, na mwaka 2014 damu ya wakulima na wafugaji ilimwagika huko Kiteto. Basi kikundi chetu cha uinjilisti kiendapo bomani, hakiendi na Biblia peke yake. Wenyeji huliona na jembe letu, hata kama tumeliacha nyumbani.

Safari yetu ya kwanza tulikosea. Tulifika adhuhuri kwa lori, pamoja na kwaya na mafurushi ya nguo. Tulihubiri, tukagawa nguo, tukaondoka kabla jua halijachwa. Tuliporudi baada ya miezi michache, walitujia watoto tu, wakauliza nguo ziko wapi. Mzee mmoja akatuambia kwa upole, "Mlikuja kwetu, wala hamkumwuliza mwenye boma jina lake." Tuliona haya. Tukarudi kujifunza maneno ya Bwana Yesu kwa wale sabini.

1. Anza kwa amani. Bwana aliwaagiza watamke amani kabla ya jambo lolote jingine. Kwa Wamasai salamu ina heshima zake. Mtoto huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Mwanamume husalimiwa "Supai", akaitikia "Ipa". Mwanamke "Takwenya", akaitikia "Iko". Kisha mgeni hupelekwa kwa wazee, aeleze atokako na ajiacho. Asiyefika kwa wazee hajafika bomani.

2. Pokea unachopewa. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Hata hivyo Bwana, mwenye maji ya uzima, alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Aombaye hujishusha, naye apewaye hupata deni la upendo. Safari ya tatu hatukubeba nguo. Tulilala siku mbili, tukanywa maziwa ya kibuyu, yenye harufu ya moshi kwa kuwa kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto. Mwenzetu mmoja alikunja uso, lakini akanywa. Mama mwenye nyumba akacheka, na tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi.

3. Sikiliza kwanza. Sisi tuliozoea kushika chaki ni wepesi wa kusema. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Kanisa Katoliki, aliona mwaka 1966 kwamba misheni ya Loliondo ilikuwa na shule na hospitali, lakini bomani hapakuwa na mazungumzo juu ya Mungu. Akaanza kwenda bomani, na kila somo alitanguliza kuwauliza wazee wao wanaonaje. Wamasai humwita Mungu Enkai, na neno hilo pia ni mvua. Hatukumpeleka Mungu kwao; alikuwako kabla yetu. Sisi tunamshuhudia Kristo, Mwana wake.

Usiku wa pili wazee waliuliza, "Je, kati yenu yuko aliyelima katika mapito ya ng'ombe?" Tulinyamaza. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu akasimama, akasema, "Mimi." Hakujitetea. Msimu uliofuata aliacha kipande kile bila kulima, ng'ombe wakapita kwenda majini. Ndugu, mahubiri yetu yote ya bomani hayakusikiwa kama neno lile moja. Ugomvi haujaisha, lakini sasa wazee wale hutuma ujumbe kwetu kabla vijana hawajashika fimbo, nasi hufanya vivyo hivyo. Nao ndio waliotuita tena, tuje tuwasimulie habari za Yesu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi
1. Ni jirani gani tunayempelekea vitu bila kujua jina lake?
2. Kwa nini ni vigumu kupokea kutoka kwa tunayemdhania ni mhitaji?
3. Je, liko jambo tunalopaswa kuungama kabla hatujamhubiri mtu?

Sala
Ee Bwana, uliyeomba maji kisimani, utufundishe kuketi kabla ya kusema, na kuungama kabla ya kufundisha. Uwape amani walimao na wachungao. Amina.