Maua mekundu ya mvua za kwanza

SWALI: Huku Mawengi, mvua zikianza, kuna maua mekundu yanayochomoza kutoka kwenye tunguu. Mengine ni ya duara, mengine kama brashi. Je, ni mmea mmoja?

JIBU: Yaelekea ni mimea miwili ya jenasi moja, Scadoxus.

Rangi haisaidii, msomaji atazame vijani vilivyo chini ya maua. Vya Scadoxus multiflorus hunyauka na kulegea mapema, kisha maua, ambayo huweza kufika 200, hutanda kama mpira. Vya Scadoxus puniceus hubaki vimesimama, vikiyabana maua yaliyosongamana.

Yote miwili hupenda kivuli na udongo usiotuamisha maji. Matunguu yake yana sumu, hivyo yapandwe mbali na mifugo na watoto.