SOMO: «PAUSE» KATIKA ZABURI, NI PENGO AMA NI PUMZIKO?



Wengi wetu tunasoma Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond. Siku moja kijana wetu alisoma Zaburi ya 3 kwa sauti, akatamka na neno «Pause», kana kwamba Daudi mwenyewe alilisema. Watu wakacheka. Lakini mama mmoja mzee akauliza: «Hiyo pause ni ya nini? Ni kunyamaza, ni kuvuta pumzi, ama kuna maneno yamepotea?» Hakuna aliyemjibu. Tujaribu leo.

Kwa Kiebrania neno ni Sela. Liko mara 71 katika Zaburi, na mara 3 katika Habakuki sura ya 3. Wenye elimu hawajapatana juu ya maana yake: wengine wanasema waimbaji wanyamaze, wengine wanasema sauti ipandishwe. Segond alichagua kunyamaza, nasi tumfuate hapo.

Lakini kunyamaza si kwa namna moja. Angalieni mdomo wa mtu. Jino liking'oka linaacha pengo. Uwazi wa meno ya mbele ambao mtu amezaliwa nao ni mwanya, na watu wanausifu. Pengo ni hasara, mwanya ni uzuri.

Sasa turudi kwa Daudi. Anamkimbia Absalomu, mtoto aliyemzaa. Watu wengi wanasema Mungu hatamwokoa. Sela ya kwanza inakuja papo hapo. Hilo ni pengo: neno limeuma, jibu halijafika. Aliyefiwa anaijua saa ile. Nasi kwenye matanga tunakosa sana (mimi mwandishi nimekosa pia): mjane hajamaliza kusema, tayari tumeanzisha wimbo, kwa sababu tunaogopa kimya chake. Daudi hakuogopa. Alilitaja tusi lote, akanyamaza, ndipo akasema Bwana ni ngao yake.

Sela ya pili inafuata baada ya Mungu kumjibu kutoka mlima wake mtakatifu. Mstari unaofuata, Daudi amelala usingizi. Hilo ni pumziko. Ya tatu iko mwisho kabisa, baada ya baraka. Ni kituo tu, msafiri amefika.

Kwa juma lijalo, kila chumba cha maombi kisome Zaburi ya 4. Sela ziko mbili. Ya pili inafuata agizo la kunyamaza kitandani. Mtuambie: ni pengo, ama ni pumziko?