Uwanja wa ndege Mpanda na mkulima wa Mamba: maswali na majibu

Mtaalamu, uwanja wa Mpanda ukipandishwa kuwa wa kimataifa, sisi wa Mamba, huku Bonde la Rukwa, tutapata nini?

Kwa hali ilivyo leo, kidogo sana. Ndege hufuata shehena iliyokwisha kuwepo. Eldoret, Kenya, walijenga uwanja wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1997, katikati ya mashamba ya mahindi na ngano, wenye njia ya kurukia ya karibu kilometa 3.5. Ndege za mizigo zilikuja kweli. Zilishusha bidhaa za nje, zikaondoka tupu, nyingine zikapitia Nairobi kupakia maua. Mkulima aliziona zikipita juu ya shamba lake, basi.

Kwa hiyo mpunga wetu haupandi ndege?

Haupandi. Nauli ya ndege hulipwa na kitu cha bei kubwa kwa kilo au kinachooza upesi. Minofu ya sangara ya Mwanza, kwa mfano, kwa miaka mingi ilibebwa na malori hadi Nairobi na Entebbe ili ipande ndege huko kwenda Ulaya. Mzigo ulikuwepo, ndege ndiyo iliyokosekana. Bonde la Rukwa halina mzigo wa namna hiyo bado. Mpunga unataka lori na behewa, na Mpanda ina reli tangu zama za mkoloni, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi.

Na watalii wa Katavi?

Hapo ndipo penye nafasi, nami nasema hivyo kwa moyo wote. Hifadhi ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina kilometa za mraba 4,471, lakini wageni wengi hushukia kiwanja kidogo cha Ikuu, ndani ya hifadhi humo humo. Wanaona viboko wa mto Katuma, wanarudi walikotoka, na Mpanda hawaijui. Wakishukia Mpanda, wakalala Sitalike, jiko la hoteli litahitaji mchele, mayai na mboga kila siku. Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ulistawi kwa kuwa mlima na Serengeti vilikuwa tayari na wageni, waongozaji na hoteli.

Tuanzie wapi, basi?

Barabara ya Sitalike, Kibaoni hadi Mamba ipitike masika yote. Mpunga ukobolewe na kupangwa madaraja huku huku, muuze mchele. Vikundi viwe na mikataba na hoteli, kwani mpishi hawezi kumngoja mkulima anayeleta mzigo leo na kupotea wiki mbili. Ardhi inayozunguka uwanja ipimwe mapema, kabla nyumba hazijaota na fidia kugeuka kesi. Ndege za Air Tanzania zinatua Mpanda. Safari za Dar es Salaam zinatosha kuanzia.

Mkutano wa kijiji ujao, mwulizeni diwani kwanza bajeti ya barabara hiyo, ndipo mumwulize habari za uwanja.