Mume wangu anamtafuta refa

Shangazi,

Nakuandikia kutoka Marekani, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili. Kijana wetu mkubwa yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Tangu ajiunge, baba yake amekuwa shabiki wa kutupwa wa timu ya chuo hicho, huu mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Jumamosi hupangi naye jambo lolote. Huvaa fulana ya chuo tangu asubuhi na humpigia kijana simu kila mapumziko. Mimi sikuona ubaya.

Wiki mbili zilizopita walifungwa kwa tofauti ya pointi tatu. Mechi inakaribia kwisha, refa akarusha kile kitambaa cha njano, wapinzani wakapewa nafasi nyingine, wakashinda. Waliporudia kwenye televisheni, hata mimi nisiyejua sheria niliona mchezaji wetu hakumsukuma mtu. Mume wangu hakulala. Jumapili hakwenda kanisani, Jumatatu akaomba ruhusa kazini. Nikimwambia, "Baba, huu ni mpira tu," ananinunia siku nzima.

Yanayoniogopesha ni mawili. Juzi nimekuta kwenye simu yake jina la yule refa, mahali anapofanya kazi na namba ya ofisi. Anasema anataka kumwambia ukweli wake. La pili ni mdogo wetu wa miaka tisa. Alikuwa akicheza na wenzake uwanja wa mtaani, kijana anayewachezesha akapuliza filimbi, mwanangu akamwambia mbele ya wazazi wote: "Mwizi wewe, umelipwa ngapi?" Ni maneno ya baba yake, neno kwa neno.

Nifanyeje?

Mama wa wawili
(Jina na mji tumevihifadhi.)

Mwanangu,

Nianze na hiyo namba ya simu, maana haiwezi kusubiri. Leo hii, watoto wakishalala, muulize mumeo waziwazi: umeshampigia? Umeshamwandikia? Kama bado, mwombe aifute mwenyewe, mbele yako. Usimfutie kwa siri. Akigundua, ugomvi wake na refa utahamia kwako. Kama ameshatuma ujumbe, asitume wa pili, hata wa kujieleza. Sheria ya Marekani inahesabu vitisho vya kumdhuru mtu, vinavyotumwa kutoka jimbo moja kwenda jingine, kuwa kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Naamini mumeo hana nia ya kumdhuru mtu. Ila atakayeipokea simu hamjui mumeo. Atakachosikia ni sauti ya mwanamume mwenye hasira anayejua mahali anapofanya kazi.

Tena refa huyo hatakuwa wa kwanza kupigiwa. Septemba 2006, mjini Eugene, jimbo la Oregon, timu ya chuo kikuu cha Oklahoma ilikuwa mbele kwa 33 dhidi ya 20, imebaki zaidi kidogo ya dakika moja. Oregon wakapata alama, kisha wakapiga mpira mfupi wa kuanzia wakitaka waudake wao wenyewe. Sheria inasema mpira huo lazima uende yadi 10 kwanza kabla wapigaji hawajaugusa. Mchezaji wa Oregon aliugusa mapema, picha zikaonyesha, lakini marefa wakawapa mpira Oregon, na mwamuzi wa video akaliacha hivyo. Oregon wakashinda 34 kwa 33. Shirikisho la vyuo lililowatuma likakiri kosa na kuwasimamisha waamuzi hao kwa mechi moja. Rais wa chuo cha Oklahoma, David Boren, aliomba mechi ile ifutwe kwenye kumbukumbu. Haikufutwa. Na yule mwamuzi wa video akaanza kupigiwa simu za kutishiwa maisha, mpaka ikabidi apewe likizo. Watu wa Oklahoma walionewa kweli siku ile. Lakini hakuna pointi hata moja iliyorudi kwa sababu ya simu zile, na palipokuwa na wenye kosa wachache pakawa na wakosaji wengi.

Umeandika kwamba namba aliyoipata ni ya ofisi. Mkumbushe maana yake. Wengi wa waamuzi wa mpira wa vyuo wana kazi nyingine siku za wiki, na Jumamosi ndipo wanavaa jezi ya mistari. Simu hiyo huenda ikapokelewa na mfanyakazi mwenzake refa, naye refa anaweza kuharibikiwa kazi inayolisha watoto wake kwa uamuzi alioufanya kufumba na kufumbua. Malalamiko yana njia yake. Makocha hutuma picha za matukio wanayoyalalamikia kwenye ofisi ya waamuzi ya shirikisho la vyuo vyao, na ofisi hiyo ndiyo yenye uwezo wa kumsimamisha mtu. Kocha wa chuo cha kijana wenu hahitaji msaada wa mzazi katika hilo.

Mumeo anaweza kukujibu kwamba vurugu husaidia. Oktoba 2024, mjini Austin, mashabiki wa Texas walirusha chupa uwanjani kupinga uamuzi katika mechi yao na Georgia, na mechi iliposimama marefa wakaubadilisha. Akikuambia hivyo, mmalizie habari yote: Georgia walishinda vilevile, 30 kwa 15, na chuo cha Texas kikapigwa faini ya dola 250,000, kikaamriwa kiwasake waliorusha.

Sasa nije kwako, mwanangu. Sentensi hii, "huu ni mpira tu," usiirudie tena ndani ya nyumba hiyo. Najua unaisema kwa kumhurumia. Yeye anasikia kwamba anachokipenda hakina thamani. Timu ya chuo hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida, wakati Simba au Yanga ina mechi 30 za ligi za kusahihisha makosa. Tangu 2024 timu 12 tu nchi nzima ndizo zinazoingia kwenye mtoano wa kutafuta bingwa wa daraja la juu la vyuo. Uamuzi mmoja mbaya Jumamosi moja unaweza kuwafutia vijana kazi ya mwaka mzima. Na chuo hicho kwa mumeo ni mahali alipompeleka mwanawe. Anaposema "tumeonewa," hiyo "tu" ina kijana wake ndani.

Kwa hiyo mkubalie. Mwambie: "Baba, niliona. Mlionewa." Ukishamkubalia hilo ndipo atakusikiliza la pili, kwamba matokeo hayarudi.

Mpe mfano huu. Katika mchezo huo timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikishindwa inaupoteza. Oktoba 6, 1990, mjini Columbia, jimbo la Missouri, marefa walipotewa na hesabu wakawapa timu ya chuo kikuu cha Colorado jaribio la tano. Ni kwa jaribio hilo Colorado walifunga na kuwashinda wenyeji wao 33 kwa 31. Marefa wakasimamishwa, matokeo yakabaki, na mwisho wa msimu waandishi wa shirika la habari la AP wakaipigia Colorado kura ya ubingwa wa taifa. Miaka 50 kabla ya hapo, Novemba 1940, jambo lilelile lilitokea chuo cha Cornell kilipocheza na cha Dartmouth. Jaribio la tano likawapa Cornell ushindi wa 7 kwa 3, na walikuwa hawajafungwa msimu ule. Walipoitazama filamu ya mechi, na refa mwenyewe alipokiri kosa, Cornell walituma telegramu Dartmouth kuukana ushindi. Mpaka leo mechi ile imeandikwa Dartmouth 3, Cornell 0. Haki ile ilirudishwa na walioshinda, kwa hiari yao. Shabiki wa timu iliyofungwa hana namna ya kuwalazimisha, na mumeo akilielewa hilo ataacha kutafuta namba za watu.

Kuna jambo jingine nimeliona katika barua yako ambalo wewe hukulitaja. Mumeo anafungwa peke yake. Angekuwa huku nyumbani, timu yake ikipigwa Jumamosi, Jumapili angekuwa kijiweni. Angesema wapinzani wamebebwa, angetokea mwenzake wa kumkatalia, wangebishana hadi kahawa iishe, angetaniwa na watani, na kufikia Jumanne angekuwa anaizungumzia mechi ijayo. Huko aliko ana kochi, televisheni na simu. Hasira haina wa kuipokea, ndiyo maana imeanza kumtafuta refa ofisini kwake.

Mtafutie kijiwe. Waulizeni Waswahili wenzenu mlioko karibu, lazima wamo wenye watoto vyuoni. Waite Jumamosi ijayo, pikeni pilau, waitazame mechi pamoja, na hata yule anayeshabikia chuo pinzani mkaribisheni. Mkipata nafasi, nendeni mara moja chuoni kwenyewe. Mashabiki wa mchezo huo hukusanyika kwenye maegesho ya magari saa nyingi kabla ya mechi, wanachoma nyama na kukaribishana. Akakae nao, amwone na kijana wake.

Limebaki la mdogo wenu, nalo ni la baba mwenyewe. Usimwadhibu mtoto, amerudia alichofundishwa sebuleni. Mwambie mumeo hivi: "Mwanao amemwita mtu mwizi mbele ya watu, kwa maneno yako. Mpeleke akaombe radhi." Waende wawili, wamtafute yule kijana wa filimbi kabla mchezo haujaanza, mtoto aseme samahani, kisha baba naye aseme neno lake, kwamba maneno yale mtoto aliyasikia kwake. Mtoto wa miaka tisa ataonewa mara nyingi maishani, shuleni na kazini, pengine na kwa rangi yake. Anatakiwa ajifunze mapema kusema "hapa nimeonewa" bila kumtukana mtu, na mwalimu wa kwanza wa somo hilo ni baba yake.

Haya yote usimwambie Jumamosi usiku, mechi ikiwa mbichi. Suala la namba ni leo. Mengine mwambie katikati ya wiki, ametulia na amekula. Na kama hasira itazidi, ikawa ni kukosa kazi kila wiki, ulevi, au mkono kuinuka juu yako au watoto, hapo si suala la mpira tena. Nenda kwa mchungaji wenu au kwa mshauri wa familia mara moja, usisubiri msimu uishe.

Niandikie uniambie alikujibuje kuhusu ile namba.

Shangazi