Lori Zito Mlimani: Injini ya Scania na Somo la Joto katika Barabara ya Mikumi

Mikumi, wilayani Kilosa, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo. Upande wa kaskazini hutoka barabara iendayo Kilosa mjini, na upande wa kusini ile ya Kidatu na Ifakara. Mwanafunzi akiketi hapo kwa saa moja atapitiwa na malori mengi yenye matela, mengine yakitoka kupanda na kushuka vilima vya Iyovi, mengine yakielekea huko. Katika makala hii tutaeleza jinsi aina moja ya lori ilivyobadilika, yaani Scania yenye injini ya lita 11, kisha tutatumia fizikia ya shule ya sekondari kuonyesha kwa nini mabadiliko hayo yaliifanya kanuni moja ya zamani ya madereva isiaminike tena kama zamani.

Kwanza historia kwa ufupi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kusafirishia shaba na mafuta yake. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, ambayo ilianza kwa malori ya Fiat kutoka Italia. Wakati huo sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikawekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo malori hayakuondoka barabarani. Scania za Sweden zilienea nchini hata zikawa zinaunganishwa Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO, miaka ya 1980.

Injini tunayoizungumzia ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 127, na pistoni husafiri milimita 145. Msomaji akizidisha eneo la duara kwa urefu huo, kisha kwa sita, atapata takriban lita 11.02. Vipimo hivyo vilidumu kwa miaka mingi. Lori la L76 la miaka ya 1960, bila tabo, lilitoa nguvu farasi karibu 190. Likafuata 110 mwaka 1968, ambalo toleo lake lenye tabo lilifikia 275. Kisha 111 mwaka 1974, ambalo matoleo yake ya mwisho yalitoa 305. Ukubwa wa silinda haukuongezwa hata kidogo. Nguvu hiyo ya ziada ilitoka wapi?

Ilitoka hewani. Dizeli haiwezi kuungua bila oksijeni, na silinda ya ukubwa fulani huvuta hewa ya kiasi fulani tu. Tabo ni gurudumu dogo lenye mapanga, linalozungushwa na moshi unaotoka katika injini. Mhimili wake huzungusha gurudumu la pili ambalo husindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua kwa kila mzunguko. Faida yake huonekana pia katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ambako hewa ni nyepesi. Bali hewa nyingi huja na vumbi jingi. Lori linalokwenda Kilosa kwa njia ya vumbi kupitia kijiji cha Ulaya (Ulaya hii ni ya Kilosa, siyo ile ya Wazungu) huhitaji chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi ni msasa unaokula silinda na mapanga ya tabo.

Sasa tupande mlima wa mfano. Tuseme lori, tela na shehena vina tani 40, na mwinuko ni mita 7 kwa kila mita 100 za barabara. Tukichukua nguvu ya uvutano kuwa niutoni 10 kwa kila kilo, kani inayolivuta lori nyuma ni 40,000 × 10 × 0.07, yaani niutoni 28,000. Tuongeze niutoni 3,200 za ukinzani wa matairi. Jumla ni 31,200. Nguvu farasi moja ni kilowati 0.736, na tuseme asilimia 15 hupotea katika gia na ekseli. Injini ya nguvu farasi 190 itafikisha magurudumuni kilowati 119 hivi. Tukigawanya kwa kani ile, tunapata mita 3.8 kwa sekunde, yaani kilomita 14 kwa saa. Injini ya 305 itafikisha kilowati 191, na lori litapanda kwa kilomita 22 kwa saa. Haya ni maendeleo ya kweli, na wenye malori walifurahi.

Lakini kila apandaye mlima hana budi kushuka. Wakati wa kushuka, ukinzani wa matairi humsaidia dereva, kwa hiyo kani ya kuzuia ni 28,000 toa 3,200, yaani niutoni 24,800 (upepo tumeuacha, kwa kuwa mwendo ni mdogo). Mlima wetu ukiwa na kimo cha mita 400, urefu wa mteremko ni mita 5,700 hivi. Zidisha: nishati inayopaswa kugeuzwa joto ni jouli milioni 141. Joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 450 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25. Tafakari kwamba lote liingie katika ngoma za breki.

Ngoma ya chuma ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyomo ndani yake. Nazo laini za viatu hivyo, zikipita kiwango fulani cha joto, hupoteza msuguano. Dereva hukanyaga, pedali hushuka, na lori halipungui mwendo. Watu husema breki zimekatika, lakini mara nyingi hakuna kilichokatika. Breki zimechoka kwa joto, na zikipoa hufanya kazi tena, kama bado lipo lori la kuzijaribia.

Jumla ya nishati ni ileile, uende mbio au polepole. Kinachotofautiana ni kiasi kinachotolewa kwa kila sekunde. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa injini ya 190, kanuni hiyo ilimshusha dereva kwa kilomita 14 kwa saa, na joto la kuondoa lilikuwa kilowati 94. Dereva wa injini ya 305 akiifuata kanuni hiyohiyo, atashuka kwa kilomita 22, na joto litakuwa kilowati 152. Tabo iliongeza nguvu ya kupanda; kazi ya ngoma za breki ilibaki kuwa ileile, kusugua na kupoa. Kwa hiyo lori lenye nguvu zaidi linapaswa kushukia gia ya chini kuliko ile lililopandia. Hapa mwandishi haoni njia ya mkato.

Gia ya chini huizungusha injini kwa kasi, na injini isiyopewa dizeli huwa pampu inayokula nishati. Breki ya ekzosi huongeza kazi hiyo: kifuniko huziba bomba la moshi, na pistoni hulazimika kusukuma hewa isiyo na pa kutokea. Joto linalobaki ndani ya injini huondolewa na rejeta, ambayo imeundwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1993 Scania ilitoa kizuizi cha mafuta kinachofungwa kwenye giaboksi, ambacho hupeleka joto katika maji ya rejeta. Dereva anayeweka niutro ili kuokoa dizeli hukataa misaada hii yote, na kuziachia breki za magurudumu mzigo mzima.

Upande wa pili wa Mikumi, barabara hukata Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo hakuna mlima mkali; shida ni nishati ya mwendo, ambayo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Tuchukue sekunde moja ya dereva kutambua, na breki zinazopunguza kasi kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa lori husimama baada ya mita 38. Kwa kilomita 80, baada ya mita 84. Usiku, mbele ya taa zilizoinamishwa, tofauti hiyo ndiyo uhai wa twiga, na pengine wa utingo.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu jumla ya hadi tani 56. Lori la uzito huo lishuke mlima wetu kwa mwendo gani ili joto la kila sekunde lisizidi la lori la tani 40 linaloshuka kwa kilomita 20 kwa saa?

2. Injini na breki ya ekzosi zikichukua kilowati 100 za lori la tani 40 kwa mwendo huo wa kilomita 20, ngoma za breki zitabakiwa na kilowati ngapi?

3. Dereva akiweka niutro juu ya mlima huo na breki zisifanye kazi kabisa, kasi itakuwa kiasi gani baada ya mita 500 za barabara?